Majemadari Waliozidi

Leo naomba mniwie radhi, sitazungumzia bei ya unga wala nauli ya daladala. Nitazungumzia majemadari. Nao si majemadari wa nchi yoyote iliyopo, bali ni wale wanaoishi ndani ya kompyuta, katika michezo ya vita vya kale, ambamo mtu aliyekaa kitini mwake Magomeni au Eastleigh anaweza kuitawala Roma nzima mpaka saa nane za usiku.

Najua wapo watakaosema haya ni mambo ya watoto. Sikubaliani nao. Ninaowajua mimi wanaocheza michezo hii ni watu wazima, wenye ajira na wake na karo za shule, nao huicheza kwa makini kuliko wanavyosoma barua za kikazi. Mmoja wao, msikilizaji wetu wa siku nyingi, ameniandikia. Anatawala miji 22 na ana majemadari 31, wote wa ukoo wake. Hesabu ni nyepesi: tisa wamezidi. Mchezo haumpi kitufe cha kuwaachisha kazi, kwa hiyo ananiuliza lipi bora, awapakie katika merikebu kuukuu awapeleke kwa maharamia, au awatume mmoja mmoja wakalivamie jeshi la adui peke yao mpaka waishe.

Swali hili nimelipenda, kwa sababu limeulizwa bila haya. Nitalijibu kwa kirefu.

Kwanza niwaeleze wale ambao hawajapata kuucheza. Mchezo wenyewe unaitwa Rome: Total War. Ulitolewa mwaka 2004 na kampuni ya Creative Assembly ya Uingereza, na mwaka 2021 ukatolewa tena ukiwa umefanyiwa ukarabati. Mchezaji hupewa ukoo mmoja kati ya koo tatu za Kirumi, yaani Julii, Brutii au Scipii. Huanza mwaka 270 kabla ya Kristo akiwa na miji michache tu, na kila mwaka huwa na zamu mbili, ya kiangazi na ya baridi. Ukoo wake umechorwa kama mti wenye matawi. Mtoto wa kiume akitimiza miaka 16 hutoka katika mti ule na kuingia katika ramani akiwa na walinzi wake wa farasi. Binti akiolewa, mumewe huja upande wa wakwe akawa mmoja wa ukoo. Na ikitokea ofisa wa kawaida, asiye na jina, ameshinda vita vikubwa, mchezo huuliza kama mkuu wa ukoo yuko tayari kumfanya mwanawe.

Kwa njia hizo tatu ukoo hujaa. Mwanzoni kila mtu ni dhahabu, maana miji inawangojea maliwali na majeshi yanawangojea viongozi. Mchezo wenyewe hujaribu kuongeza watu kadiri miji inavyoongezeka. Lakini watu si matofali. Wazee hukawia kufa, vijana hukua kwa mkupuo, mji mmoja au miwili hupotea, na mara mchezaji anakuta pale Capua wamekaa vijana wanane wasio na shughuli huku Syria jeshi zima linaongozwa na ofisa asiye na nyota hata moja.

Hapo ndipo ninapotaka kumsimamisha kidogo msikilizaji wetu. Amehesabu miji na watu, lakini hakuhesabu mwendo. Katika ramani ile, kwenda kwa miguu kutoka Italia hadi Antiokia ni safari ya miaka. Nina hakika kwamba katika wale tisa anaowaita wa ziada, watano au sita wamezidi pale walipo tu. Awapandishe merikebuni, ndiyo, lakini iwe merikebu nzima, na iende bandari yenye kazi.

Sasa nije kwenye jambo linalonikera zaidi, nalo ni tabia. Kila jemadari katika mchezo huu ana tabia zake, nzuri na mbaya, na ana wafuasi wanaomzunguka: mwalimu, mganga, mpiga ramli, kahaba, mlamba viatu. Wapo wanaozaliwa na kasoro, hilo sikatai. Lakini tabia nyingi hupatikana njiani. Kila zamu inapokwisha, kompyuta huangalia mtu yuko wapi na anafanya nini, kisha hurusha dadu. Liwali anayejenga hujifunza ujenzi. Aliye karibu na chuo huokota elimu. Anayepigana na kushinda hupata nyota. Na aliyeachwa mjini bila jengo la kusimamia wala askari wa kufunza, hasa mji wenye starehe nyingi na hazina iliyofurika, huokota ulevi, kamari, uvivu na ufujaji, kimoja baada ya kingine, kama nguo nyeupe inavyookota vumbi.

Basi tazameni mambo yanavyokwenda. Mchezaji humwacha kijana Capua miaka kumi, yaani zamu 20, bila kumfungulia hata ukurasa wake. Siku moja anamfungua. Anamkuta mlevi, mcheza kamari, mwenye madeni, anayechukiwa na wananchi. Anasema, "Huyu hafai," anampakia merikebuni. Mimi nauliza: ni nani aliyemfanya asifae? Kijana aliingia katika ramani akiwa na miaka 16 na ukurasa mweupe. Yote yaliyoandikwa juu yake yameandikwa na mahali alipowekwa, na aliyemweka pale ndiye huyo anayemhukumu leo.

Mtaniambia hawa ni watu wa taa na umeme tu, hawana mama wa kuwalilia. Ni kweli. Simshtaki mtu kwa mauaji. Nasema amecheza vibaya.

Kazi zipo tele kwa anayetaka kuziona. Katika mchezo huu ni jemadari tu anayeweza kujenga mnara wa ulinzi au ngome ya njiani, na ni jemadari tu anayeweza kukodi mamluki. Mzee wa miaka 60 aliyechoka vita anaweza kutumwa azunguke mipakani akisimika minara, na kila mnara utakuwa jicho litakalobaki baada yake. Vijana watatu wanaweza kuwekwa katika jeshi moja chini ya mkubwa wao. Walinzi wao ni askari wa farasi wazito, tena wakipungua hujijaza wenyewe baada ya muda bila mchezaji kulipa gharama ya kuandikisha wapya. Mimi jeshi langu la mashariki huwa naliendesha hivyo, jemadari mkuu katikati na wadogo pembeni, na sijaona farasi wa kununuliwa wanaowashinda. Wafuasi nao huweza kuhamishwa kutoka mtu mmoja hadi mwingine wanapokutana, kwa hiyo babu anayekaribia kufa humkabidhi mjukuu mwalimu wake na mganga wake. Kisha kuna Seneti, ambayo hugawa vyeo kwa watu wa ukoo, na mwenye watu wengi ana wagombea wengi. (Seneti hiyo hiyo, ukishakuwa mkubwa mno, huweza kukuletea barua ya kukutaka mkuu wa ukoo ajiue. Lakini hiyo ni habari ya siku nyingine.)

Na kwa yule ambaye kweli ameharibika? Mwondoeni mjini. Liwali mfujaji akiwekwa jeshini hana hazina ya kufuja. Mwoga awekwe katika mji wa nyuma wenye majengo ya kusimamia. Si kila mtu atapona, lakini wengi watatumika.

Iko sababu nyingine, na hii ni ya kufa na kupona. Katika mchezo huu ukoo ukiisha, dola imekwisha. Hata kama una miji 30 na hazina imejaa, siku mtu wa mwisho wa ukoo anapokufa wewe umeondoka, na miji yako inakuwa mali ya waasi. Ndugu yake mchezo huu, Medieval II wa mwaka 2006, una tauni kubwa inayofika katikati ya karne ya 14. Ina wadhamini wa dini wanaochoma watu moto, na wauaji wa kukodi wanaoingia usiku. Nimeona mti wenye matawi 20 ukibaki na matatu katika muda wa zamu chache. Aliyezamisha tisa wakati wa neema angewalilia hapo.

Warumi wenyewe walilijua jambo hili, na anayelijua kuliko wote ni Lucius Aemilius Paullus. Huyu alikuwa na wana wanne. Wawili wakubwa walizaliwa na mke wa kwanza, ambaye alimwacha, na wawili wadogo na mke wa pili. Kuwapandisha wana wanne ngazi za vyeo vya Roma kulihitaji fedha nyingi, na urithi ukigawanywa mara nne hubaki makombo. Paullus akafanya walivyofanya wakubwa wengi wa Roma. Aliwatoa wale wawili wakubwa, mmoja akawa mwana wa ukoo wa Fabii, mwingine akachukuliwa na mtoto wa Scipio Africanus, yule aliyemshinda Hannibal. Akabaki na wawili, idadi nzuri, wa kurithi nyumba na jina.

Mwaka 168 kabla ya Kristo Paullus alimshinda mfalme Perseus wa Makedonia katika vita vya Pydna. Mwaka uliofuata aliandaliwa gwaride la ushindi ambalo Roma ilikuwa haijapata kuona mfano wake kwa wingi wa nyara. Siku tano kabla ya gwaride, mmoja wa wale wana wadogo alifariki. Siku tatu baada ya gwaride, wa pili akafariki. Mtu aliyeleta mfalme mzima akiwa mfungwa alirudi katika nyumba isiyo na mrithi wa jina lake. Na yule mwana aliyemtoa kwa ukoo wa Scipio ndiye aliyeibomoa Carthage mwaka 146, akiitwa Scipio, si Aemilius. Mkikuta ukoo wa Scipii katika mchezo, mjue kwamba mtu wake mashuhuri wa karne ile alikuwa wa ziada katika nyumba nyingine.

Lakini tazama tofauti. Paullus hakumzamisha mtu. Mwana aliyetolewa aliendelea kuwa mtu, alipata jina, jeshi na historia. Hapa nina lawama kwa waliotengeneza mchezo: unakuruhusu kupokea mtu katika ukoo wako, lakini haukuruhusu kumtoa kwenda ukoo mwingine. Wangeweka mlango huo, merikebu nyingi kuukuu zingebaki bandarini. Hata hivyo wachezaji wenyewe hawataki mzigo huu uondolewe. Toleo la pili la Roma lilipotoka mwaka 2013 bila mti wa ukoo, watu walinung'unika miaka mitano, mpaka mwaka 2018 mti ukarudishwa.

Wapo wachezaji wa Crusader Kings watakaosema shida yangu ni nyepesi. Nawakubalia. Mchezo huo wa kampuni ya Paradox ya Stockholm, ambao toleo lake la tatu lilitoka mwaka 2020, hauna taabu ya kazi bali ya urithi. Mfalme akifa, katika sheria za mwanzo kila mwana huchukua kipande cha nchi, na ufalme ulioujenga kwa saa 40 unagawanywa kama mkate wa mchana. Hapo kijana kuwa na shughuli hakusaidii, kwa maana shida ni kwamba yupo. Njia za halali zipo na zina bei. Unaweza kumwomba aingie utawa, ukatoa sehemu ya uchaji wako. Unaweza kumnyima urithi, ukapoteza sifa ya ukoo mzima. Wengi hawataki kulipa, hufanya njama za kumuua. Mchezo nao, zikifichuka, humpachika mfalme jina la muuaji wa jamaa zake, na watu humchukia kwa jina hilo. Hapo nawapongeza watengenezaji.

Wasidhani wamevumbua wao. Mwaka 1595 Sultani Mehmed wa Tatu wa Uturuki alipokalia kiti, ndugu zake 19 walinyongwa. Wengine walikuwa watoto wadogo. Mwanawe Ahmed, aliyerithi mwaka 1603, hakumuua ndugu yake Mustafa, akamfungia ndani ya kasri. Dunia iliona huo ni wema. Mustafa alikaa kifungoni miaka karibu 14, bila mji wa kutawala wala askari wa kuongoza. Mwaka 1617 Ahmed akafa, Mustafa akatolewa akaketishwa kitini. Kabla mwaka haujatimia wakamwondoa, akili yake haikuweza kazi. Kile kijana wa Capua anachokipata kwa zamu 20 za dadu, Mustafa alikipata kwa mwili wake.

Wachina walijaribu njia zote mbili moja baada ya nyingine, nami huona hapo ndipo penye somo gumu kuliko yote. Kampuni ya Koei ya Japani imekuwa ikitengeneza michezo juu ya zama za Dola Tatu za China tangu mwaka 1985. Katika michezo hiyo maofisa ni mamia, kila mmoja ana kiwango cha utii, na ofisa aliyesahauliwa hurubuniwa na jirani. Toleo la 14, la mwaka 2020, liligawa kila mji katika vitongoji, na kila kitongoji kinaweza kupewa mkuu wake, kwa hiyo hata ofisa dhaifu ana mahali pa kusimama. Naona ni tiba nzuri kuliko zote nilizoziona katika mchezo wowote.

Lakini historia ya zama hizo haina tiba. Yuan Shao, mbabe wa kaskazini, aliwapa wanawe na mpwa wake kila mmoja jimbo lake. Kazi ilikuwapo kwa wote. Alipokufa mwaka 202 bila kumaliza neno la urithi, Tan na Shang wakapigana wao kwa wao, na adui yao Cao Cao akayachukua majimbo moja moja. Cao Pi, mwana wa Cao Cao, akaona hilo. Alipojifanya mfalme mwaka 220 aliwabana ndugu zake. Aliwapa vyeo vitupu na vijishamba vya mbali, chini ya macho ya wapelelezi. Mmoja wao, Cao Zhi, mshairi mkubwa, alihamishwa huku na huko huku akiomba apewe kazi, mpaka akafa mwaka 232. Ndugu hawakuasi. Lakini mawaziri wa ukoo wa Sima walipouteka ufalme, hapakuwa na jamaa hata mmoja mwenye jeshi la kuutetea. Sima Yan akavaa taji mwaka 266, naye, kwa kuogopa yaliyompata mwenzake, akawapa jamaa zake majeshi. Mwaka 291 jamaa hao wakaanza vita baina yao vilivyoendelea hadi 306, na miaka mitano baadaye mji mkuu wa Luoyang ukaanguka mikononi mwa wageni.

Kwa hiyo sitamdanganya msikilizaji wetu kwamba kazi ni dawa ya kila ugonjwa. Katika Roma ya kompyuta, ndiyo. Penye urithi usio na kanuni, kumpa mtu jeshi ni kumpa kura.

Sisi wa pwani hii hatuhitaji kwenda China kulitafuta jambo hili. Sayyid Said alipofariki baharini mwaka 1856 alikuwa akirudi Zanzibar, na kwa maelezo ya binti yake Salme, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1886, aliacha watoto 36, wanaume 18. Thuwaini alikuwa Maskati, Majid Zanzibar, kila mmoja na mji wake kama liwali katika mchezo. Barghash alikuwamo ndani ya merikebu pamoja na maiti ya baba yake, hana mji. Alijaribu kuunyakua ufalme usiku ule ule waliofika, akashindwa. Mwaka 1859 aliasi, Salme akiwaandikia barua wapinzani, mpaka Waingereza wakamsaidia Majid kwa askari wa majini na Barghash akapelekwa Bombay. Mwaka 1861 Waingereza hao hao wakaamua kwamba Zanzibar na Maskati zitengane, Zanzibar ikilipa reale 40,000 kila mwaka. Thuwaini, aliyekuwa na mji wake na jeshi lake, aliuawa mwaka 1866 na mwanawe mwenyewe.

Majid hakumuua Barghash. Alimwacha arudi kutoka Bombay, akakaa kimya mjini kwa miaka kadhaa, mtu wa ziada. Majid alipofariki mwaka 1870 bila mtoto wa kiume, hakukuwa na mwingine wa karibu zaidi. Barghash ndiye aliyejenga Beit al-Ajaib, iliyokamilika mwaka 1883, na ndiye aliyeleta maji safi mjini kwa mfereji kutoka chemchemi za shamba.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutarudi kwenye nauli za daladala. Kwaherini.